Farasi wa binti yangu: nimpe dalali amuuze, au nimuuze mwenyewe?

MamaWaTanga:
Wakuu na dada zangu, habari za jioni. Naomba mnipe mawazo, maana hapa nilipo sina wa kumuuliza kwa Kiswahili, na nyumbani nikilitaja jambo hili wananiona tajiri. Mimi si tajiri. Naishi mashambani Herefordshire, Uingereza, mwaka wa 19 sasa, na nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Huku vijijini farasi si lazima awe wa matajiri. Yupo wa mamilioni na yupo wa bei ya pikipiki.

Wa kwetu ni jike, mchanganyiko wa kobu wa Wales (aina ya farasi mfupi mnene mwenye nguvu), rangi ya asali, ndiyo sababu binti yangu akamwita Asali. Ana miaka 14. Kimo chake viganja 14 na inchi 2 (huku farasi hupimwa kwa viganja, kimoja ni inchi 4), yaani kama sentimita 147 begani. Tulimnunua binti akiwa na miaka 11. Sasa binti yuko chuo kikuu Glasgow, na mimi ndiye ninayetoka zamu asubuhi, miguu imevimba, nikapitie shambani kuvunja barafu kwenye ndoo ya maji. Kuna kodi ya shamba, nyasi kavu, fundi wa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, dawa za minyoo, bima. Tumekubaliana na binti kwamba auzwe. Alilia, lakini alikubali.

Amekuja mfanyabiashara wa farasi wa eneo hili, akamwangalia, akanipa njia mbili. Kwanza, anipe pauni 3,000 taslimu na Jumamosi aje na gari amchukue. Pili, amchukue akae kwenye mabanda yake hadi apate mteja, mimi nilipe pauni 150 kila wiki za matunzo, na akiuzwa achukue asilimia 10. Anasema kwa njia hii ya pili atafika 4,500.

Sasa linaloninyima usingizi. Masika mbili zilizopita Asali aliugua kwato za mbele. Nilimkuta asubuhi amesimama kaegemea nyuma, hataki kupiga hatua, kwato za moto ukizigusa. Daktari alimtibu, akapona, na tangu hapo tunampunguzia majani. Nilipomweleza yule bwana, akanijibu: "Hilo tusiliweke kwenye tangazo, ameshapona." Nikanyamaza. Toka siku hiyo sina raha.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

---

Mzee_wa_Pugu:
Mwanangu, farasi siwajui. Nimekaa mnada wa Pugu zaidi ya miaka 20, ng'ombe ndio shule yangu. Lakini nimeona jambo kwenye maelezo yako ambalo ningelitengua kwanza.

Kwetu dalali ni dalali na mchuuzi ni mchuuzi. Mchuuzi anakununulia, mali inakuwa yake, hasara yake na faida yake. Dalali hana mali pale, anauza ya kwako kwa niaba yako, anakula ujira. Huyo bwana wako anataka kuwa yote mawili, na anakuachia wewe uchague. Uzito wa mambo hauko sawa kabisa. Ukimwuzia kama mchuuzi, Jumamosi umemaliza naye. Ukimpa kama dalali, ng'ombe bado ni wako, akivunjika mguu kule ni wako.

La pili ni cha juu. Mtu anatoka Shinyanga na ng'ombe wake, hajui bei ya mjini, anamwambia dalali "nataka laki 9". Dalali anaongea na mchinjaji pembeni, wanakubaliana milioni na kidogo. Mwenye mali anapewa laki 9 yake, halafu anatoa na ujira juu! Nimeyaona mara nyingi hata siwezi kuhesabu. Kwa hiyo mwulize huyo bwana: mnunuzi atamlipa nani? Kama si wewe, usikubali.

---

DadaWaLeeds:
Mimi nitasema tofauti, na naomba usinichukulie vibaya. Chukua hizo 3,000 upumzike.

Mwaka juzi niliuza poni (farasi mdogo) wa mwanangu mwenyewe, kwa tangazo. Wiki 7. Watu 11 waliahidi kuja, waliofika ni 5. Mmoja alimpanda saa nzima akashukuru akaenda zake, nikaja kuelewa alitaka tu mtoto wake apande farasi bure. Mwingine alidai ana uzoefu, akaanguka mbele ya banda langu, na nilikaa miezi nikisubiri barua ya wakili. Wewe unatoka zamu ya usiku. Utasimamia hayo saa ngapi? Mchuuzi ana uwanja wa kupandia, ana watu wa kumpanda farasi mbele ya mteja, anajua nani ni mnunuzi na nani anapoteza muda. Kazi hiyo ina thamani. Si kila mfanyabiashara ni mwizi.

---

MamaWaTanga:
Sijakuchukulia vibaya dada. Hiyo ya mtu kuanguka sikuwa nimeiwaza. Nimemwuliza yule bwana kuhusu malipo kama Mzee wa Pugu alivyosema. Amesema pesa hupitia kwake kwanza, "ndivyo inavyofanyika siku zote".

---

Saisi_Newmarket:
Mama shikamoo. Mimi ni saisi, nahudumia farasi wa mbio hapa Newmarket. Kabla ya hapo nilikuwa Nairobi, nimekulia karibu na uwanja wa Ngong, baba yangu naye alikuwa saisi. Nitaandika kirefu, univumilie.

Nianze na hesabu, maana hiyo 4,500 inapendeza ukiitazama juu juu. Asilimia 10 yake ni 450. Matunzo ni 150 kwa wiki. Akiuzwa ndani ya wiki 4 unalipa 600, unabaki na 3,450. Wiki 8 unalipa 1,200, unabaki na 2,850, tayari uko chini ya zile 3,000 ulizoahidiwa leo. Wiki 12 unabaki na 2,250. Na sasa ni majira ya baridi, jua linazama saa kumi jioni, watu hawanunui farasi wa kupanda kwa furaha. Anayelipwa kwa wiki hana haraka. Ukienda njia hiyo, muwekeane kikomo cha wiki, na bei ambayo hawezi kushuka chini yake bila kukupigia simu.

Sasa sheria. Hapa Uingereza mnunuzi wa kawaida akinunua kwa mfanyabiashara analindwa na sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015. Farasi kisheria ni bidhaa, ingawa inauma kusema hivyo. Akikuta kasoro ana siku 30 za kumrudisha na kudai pesa yake yote. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, inachukuliwa kwamba ilikuwapo siku ya mauzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Ukiuza mwenyewe kama mtu binafsi, mnunuzi hana ulinzi huo. Lakini ukimwambia uongo kuhusu farasi, au ukimpa maelezo nusu yanayompotosha, anaweza kukushtaki kwa maelezo hayo.

Njia ya dalali iko katikati, na hapo ndipo watu wanaumia. Akiuza kwa niaba yako na akasema wazi kwamba mwenye mali ni wewe, basi muuzaji ni wewe na neno lake ni neno lako. Akimwambia mteja "huyu hajawahi kuugua hata siku moja", umesema wewe. Ulikuwa umelala nyumbani baada ya zamu, lakini umesema wewe.

Na kuhusu ugonjwa wenyewe. Ndani ya kwato kuna tabaka laini linaloshikilia mfupa kwenye ukuta wa kwato. Tabaka hilo likivimba, mfupa unaning'inia bila mshiko, na hali ikiwa mbaya mfupa unageuka na kushuka chini. Farasi anayeegemea nyuma anajaribu kuondoa uzito kwenye ncha za kwato. Kobu na poni wa Wales ndio wanaoupata sana: asili yao ni milima yenye majani machache, sasa wanawekwa kwenye malisho manono ya masika yenye sukari nyingi, insulini inapanda, kwato zinalipuka. Aliyewahi kuugua yuko hatarini kuugua tena, hata akionekana mzima kabisa. Hakai hivyo kwa bahati, anakaa hivyo kwa sababu wewe unampunguzia majani.

Kwa hiyo mama, fikiria mtu aliyeambiwa kwamba farasi huyu hana historia yoyote. Mwezi wa nne unafika, anamfungulia kwenye shamba la kijani kwa upendo wote, anadhani anamtendea mema. Nimewahi kushika kichwa cha farasi wa namna hiyo wakati daktari anamdunga sindano ya mwisho. Si farasi wa mbio, alikuwa poni wa jirani. Mwenye poni hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Huyo bwana akikwambia msiandike, hajazungumzia bei peke yake hapo.

---

MamaWaTanga:
Nimesoma nikiwa kazini, saa tisa usiku, nikaenda kukaa ghala la shuka dakika chache. Asante kijana wangu. Marahaba.

Swali: je, nikimwuzia yeye moja kwa moja kwa 3,000, naye nimeshamwambia ukweli, dhambi si inakuwa yake?

---

Saisi_Newmarket:
Kisheria, umemwambia, umemaliza. Kama mfanyabiashara, yeye ndiye atakayewajibika kwa mteja wake. Mwandikie lakini, hata kwa ujumbe wa simu, usiliache mdomoni. Sehemu ya pili ya swali lako siwezi kukujibia.

---

Mwana_wa_Lamu:
Assalaam aleikum dada. Kwetu farasi hakuna, punda ndio gari. Mawe, mchanga, maji, simenti, vyote mgongoni mwake, na hospitali ya punda ipo mjini tangu 1987. Nakuandikia kwa sababu ya hilo swali lako la mwisho.

Kenya ilifungua machinjio ya punda mwaka 2016. Ngozi zilikuwa zikienda Uchina, zinachemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Bei ya punda ikapanda, wizi ukaja, na madalali wakaja. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku Mei 2021, na Umoja wa Afrika nao ukaja kukubaliana Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Katika miaka ile binamu yangu aliuza punda wawili kwa dalali wa bara. Aliambiwa wanakwenda kuteka maji shambani. Bei ilikuwa nzuri kuliko bei ya punda wa kuteka maji, na yeye aliliona hilo, hakuuliza. Alikuwa na ada ya shule ya kulipa, simlaumu. Lakini hadi leo hajui wale wanyama walifika wapi, na kila akipita pale forodhani watu wanapakia mizigo, hulitaja jina la yule mmoja mkubwa. Alimlea tangu kitoto.

Pesa ya dalali inakuja bila jina la anayenunua. Sijui kama kwenu ni hivyo hivyo.

---

Saisi_Newmarket:
Kwetu si hivyo hasa, ila mlango upo. Mama, kila farasi hapa lazima awe na pasipoti, na England kila farasi lazima awe na chipu shingoni tangu tarehe 1 Oktoba 2020. Fungua pasipoti ya Asali utafute sehemu ambapo mwenye mnyama anatamka kama anaweza kuliwa na binadamu au la. Kama haijajazwa, jaza kwamba hawezi, utie sahihi, kabla hujamkabidhi yeyote. Ukishatia sahihi haifutiki. Kama aliwahi kupewa fenilibutazoni alipougua kwato, na kwa kawaida hupewa kwa maumivu lakini mnyama aliyeipewa haruhusiwi kuliwa, basi ilipaswa kuwa imejazwa siku ile ile. Mwaka 2024 sheria ilipiga marufuku pia kusafirisha farasi hai kwenda nje ya England, Scotland na Wales kwa ajili ya kuchinjwa. Kuchinjwa humu humu kunaruhusiwa bado.

---

DadaWaLeeds:
Naomba nirudi. Nimesoma ya saisi na ya ndugu wa Lamu. Bado nasema kazi ya mfanyabiashara ina thamani, lakini huyu aliyesema "tusiliandike" mwache. Yuko wa namna nyingine. Rafiki yangu aliuza kupitia mama mmoja ambaye jambo la kwanza aliloomba ni karatasi za daktari za miaka yote, na aliziweka mezani mteja alipokuja. Alichukua asilimia 10 vilevile.

---

Karani_Mombasa:
Nachangia machache. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukimpa mtu yeyote auze, muandikiane haya: kwamba farasi ni wako mpaka pesa yote iingie kwenye akaunti yako, kwamba mnunuzi anakulipa wewe, kisha wewe ndiye unayemlipa dalali, bei ya chini, mwisho wa wiki ngapi, nani anampanda, bima ya nani inamlinda akiwa kwake, na maelezo ya ugonjwa yaambatanishwe kama sehemu ya mkataba. Hilo la pesa usilichezee. Dalali akifilisika huku pesa yako iko kwenye akaunti yake ya biashara, unapanga foleni na wanaomdai wengine wote.

---

MamaWaTanga:
Nilimpelekea yule bwana orodha ya Karani, kwa upole, nikimwomba tuandikiane. Alicheka kwenye simu, akasema hajawahi kuandikiana na mtu kwa farasi wa bei hii. Halafu akapandisha ofa ya kununua moja kwa moja hadi 3,300, niamue leo.

Nilikaa na simu mkononi. Mia tatu si ndogo kwangu, ni nauli ya binti kuja Krismasi na kurudi, na inabaki. Nikampigia binti. Nilidhani atalia. Aliuliza kitu kimoja: "Mama, ataambiwa kuhusu majani?" Sikuwa na jibu.

Nimemwambia yule bwana hapana.

---

Mzee_wa_Pugu:
Anayekupa bei mpya baada ya wewe kuomba karatasi, karatasi ndiyo iliyomtisha. Umefanya vyema mwanangu. Tuletee mrejesho.

---

MamaWaTanga:
MREJESHO, wiki 9 baadaye. Samahani kwa kukaa kimya, kulikuwa na homa kazini tukawa wachache.

Sikuweka tangazo lolote. Nilianza na fundi wa kwato, mzee anayezijua kwato za Asali kuliko mtu yeyote, miaka 8 anazishika. Nilimwuliza kama anajua watu. Akasema kuna familia anayowahudumia upande wa Ludlow, farasi wao mzee amekufa, wana binti wa miaka 12. Akawaambia yeye mwenyewe kwamba Asali aliwahi kuugua, kabla hata sijaonana nao. Ujira wake? Alikataa. Nilimpelekea sufuria ya pilau, hiyo alipokea.

Walikuja mara tatu. Mara ya kwanza DadaWaLeeds alikuwa kichwani mwangu, nikamwomba jirani mwenye uwanja wa kupandia atuazime, nikawaandikia karatasi kwamba anayepanda anapanda kwa hiari yake, kofia kichwani, na kwanza apande jirani wao wamwone. Mara ya pili walikaa saa mbili, mama mtu hakumpanda wala nini, alimsugua tu na kumtazama akila. Mara ya tatu walileta daktari wao, uchunguzi kamili wa hatua 5: akamkagua amesimama, akamtembeza na kumkimbiza kwa kamba, akapandwa hadi akatoka jasho, akapumzishwa, akakimbizwa tena. Walichukua na damu ya kuhifadhi, ili kikitokea kitu baadaye ijulikane kama alipewa dawa ya kuficha maumivu siku ile. Mimi nilitoa karatasi zote za daktari wangu bila kuombwa, na picha za mionzi za kwato.

Bei: 2,700. Ndiyo, ni 600 chini ya ofa ya mwisho ya yule bwana. Mwenye kunishangaa anishangae. Pesa iliingia kwenye akaunti yangu kabla hajapanda gari, pasipoti niliwakabidhi palepale, ile sehemu ya kuliwa ilikuwa imeshajazwa na daktari tangu alipougua, nilikuwa sijui. Wameshabadilisha jina la mwenye farasi.

Saisi, nataka ulijue hili. Nilipomweleza yule mama habari za majani ya masika, nilijiandaa kumwelimisha kama ulivyonielimisha. Akanishika mkono akanionyesha picha kwenye simu yake: nyuma ya banda lao wana kiwanja cha changarawe kisichoota jani hata moja, walikitengeneza kwa ajili ya yule farasi wao aliyekufa. Naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Miaka 6 walimtunza nao.

---

Saisi_Newmarket:
Mama, hapo umenimaliza. Hongera.

---

DadaWaLeeds:
Na tandiko? Uliliuza pamoja naye? Mengi huuzwa pamoja halafu baadaye linambana farasi akinenepa.

---

MamaWaTanga:
Tandiko wameondoka nalo, fundi wa matandiko atakuja kulipima upya mwezi wa tatu. Mkanda wa kupimia mafuta ya shingo nao nimewapa, pamoja na daftari letu la vipimo vya kila Jumapili. Binti wao amesema ataendelea kuandika humo humo, kuanzia ukurasa alipoishia wa kwangu.